Tufungulieni njia ya maweni kabla ya masika

Barua ya wazi kwa wanaosimamia misitu, utamaduni na zimamoto Zanzibar, na kwa masheha wa vijiji vya maweni

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mchoraji. Nimezaliwa Ng'ambo, lakini likizo zangu zote za skuli nilizimaliza kwa bibi yangu mzaa mama, Kusini Unguja, katika kijiji ambacho mbele yake ni bahari na nyuma yake ni maweni, ile ardhi ya mawe iliyoota vichaka. Nakuandikieni sasa kwa sababu kaskazi inavuma kavu, majani yanavunjika ukiyagusa, na juzi jioni nimeuona tena moshi upande ule ule wa mwaka jana. Umezimwa, alhamdulillahi. Lakini vuli ilikuwa haba na masika bado, na kila anayekaa vijiji vile anajua kwamba huo si moshi wa mwisho.

Ombi langu nalitanguliza ili msilitafute: vichaka vya maweni vikiungua, sisi wasanii turuhusiwe kuingia ndani ya siku chache, kwa utaratibu unaojulikana, kabla mvua haijaosha jivu. Mwaka jana siku hizo zilitupita, na hazikurudi.

Moto wa mwaka jana ulianza Jumatano baada ya alasiri. Sikuwepo. Mjomba alinipigia simu: "Njoo umchukue bibi yako, maweni kunawaka." Nilifika isha imeshaadhiniwa. Bibi hakuchukulika. Alikuwa amekaa barazani na buibui lake, ndoo mbili za maji zimejaa miguuni pake, anautazama mwanga.

Asiyepajua maweni hudhani pahala pa mawe hapaungui. Jiwe kweli haliwaki, lakini kati ya jiwe na jiwe mna majani makavu ya miaka, mna mizizi, na mna udongo kidogo sana uliotokana na majani yale yale. Moto ukishuka humo hauonekani. Juu panatulia, watu wanarudi majumbani, nao chini unatambaa na mizizi, na siku ya pili unatokeza mbele ambako hakuna aliyebaki kuungoja. Gari la zimamoto haliwezi kupanda mawe yale. Askari walifanya walichoweza kutoka barabarani, na vijana wa kijiji wakaingia kwa miguu, wengine na ndara, wakaupiga kwa matawi mabichi na madebe ya maji waliyoyabeba kichwani. Nawashukuru wote. Sina lawama kwa yeyote aliyekuwa pale usiku ule.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nilikwenda na bibi. Nilidhani kitakachonishtua ni miti. Kilichonishtua ni konokono. Wale konokono wakubwa wa nchi kavu, ambao mtu hupita kila siku asiwaone, sasa walionekana wote kwa pamoja: nyumba zao zimetapakaa juu ya weusi, nyeupe pee, kama kwamba mtu ameangusha sinia la vikombe vya kahawa. Niliokota moja. Ilisagika kiganjani ikawa unga, chokaa kabisa. Bibi aliutazama ule unga akasema: "Huyu angekwenda wapi?"

Kisha tukenda kwenye mdaa wake. Nasema wake, ingawa haukuwa na hati wala ua. Tangu nilipokuwa mdogo nilimwona kila mwaka akifukua mizizi kidogo tu, upande mmoja, na kuufukia tena ili mti usife. Mizizi ya mdaa ndiyo inayochemshwa pamoja na ukindu mpaka ukindu ukageuka mweusi, na mweusi huo ndio unaotia mistari kwenye mikeka yake. Tulikuta kisiki kifupi chenye shimo chini yake, na ndani ya shimo moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka. Moto ulikuwa umeifuata mizizi. Bibi alikaa juu ya jiwe, akatia mkono mfukoni, akatoa kijembe chake kidogo, akakitazama, akakirudisha.

Nilikuwa na daftari. Penseli niliyokuja nayo ilikuwa nyepesi mno kwa niliyokuwa nikiyaona. Nikaokota kipande cha kaa la mti wa mjoma, nikachora nacho kile kisiki. Kaa lilikwaruza, likavunjika, nikaokota jingine. Tulipoondoka nilikuwa na kurasa nne, vidole vyeusi, na yakini kwamba lazima nirudi na karatasi kubwa, na wenzangu, na siku nzima.

Nilikwenda kwa sheha kama ilivyo ada. Sheha wetu ni muungwana. Akanambia: "Mwanangu, miguu yako mimi nairuhusu, hapa ni kwenu. Lakini ukija na makaratasi na kamera na watu, hiyo ni kazi, na kazi ina kibali chake." Alisema kweli, na sikubishana naye. Nikenda kutafuta kibali.

Afisi nilizopita sitazitaja, kwa sababu sikuja kumshitaki mtu. Ya kwanza ilinambia mambo ya wasanii ni yake lakini msitu si wake. Ya pili ikanambia msitu ni wake lakini fomu iliyopo ni ya watafiti, na mimi si mtafiti. Ya tatu ikanitaka nilete barua kutoka ya kwanza. Wote walinipokea vizuri. Yupo aliyeniagizia chai. Barua yangu niliipeleka siku ya sita baada ya moto, na jibu, tena la mdomo, nikalipata wiki ya tano: hakuna ubaya, nendeni. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tulikwenda watu wanne: mpiga picha, fundi mmoja wa nakshi, mwalimu wa skuli anayefundisha watoto kuchora, na mimi. Weusi wote ulikuwa umeteremka kwenye nyufa. Mawe yameoshwa, yanameta. Konokono hawapo, wamesagika wakaenda na maji. Kwenye visiki vimeanza kuchomoza vijani vidogo vya kijani, na mpita njia angesema pahala hapa pana heri zake. Mpiga picha alisimama na kamera yake mkononi akaniuliza: "Nipige nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Najua yupo miongoni mwenu atakayesema: binti, nchi ina matatizo, mchoro wa jivu unamsaidia nani? Ni swali la haki, na ninalo jibu.

Oktoba 2020 moto ulipowaka Kilimanjaro kwa zaidi ya wiki, sote tuliuona kwenye simu. Tulisambaza picha, tukaandika "Mungu tusaidie", tukaendelea na siku zetu. Nafundisha vijana kuchora kila Jumapili. Niliwauliza kuhusu moto ule. Hawaukumbuki. Waliuona, walikuwa na umri wa kukumbuka, lakini picha ile ilikaa nao muda wa kidole kupita juu ya kioo. Mchoro unamtaka anayeuchora akae na kile kitu saa tatu, nne. Na anayeutazama naye huwa anakaa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nitafika huko.

Wenzetu wa nchi zinazoungua mara kwa mara wamelielewa mapema. Mji mdogo wa Paradise, California, uliungua Novemba 8, 2018, na watu 85 wakafa. Waliookoka walikimbia na vitu vichache, na karibu kila mmoja alikuwa na funguo mfukoni: za nyumba isiyokuwepo tena, za duka, za gari, za kanisa. Mtu anaweza kukaa miezi na ufunguo wa namna hiyo, hawezi kuutupa wala hana pa kuutia. Msanii Jessie Mercer akaomba apewe. Zikamjia funguo zaidi ya 18,000, akazishikanisha zote zikawa ndege mkubwa, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake, na ndege huyo akaonyeshwa siku ile ile ya Novemba, mwaka mmoja baadaye. Mimi ndege hanishughulishi sana. Kinachonishika ni ule wakati kabla ya ndege, pale mtu alipokunjua mkono na kuutoa ufunguo. Nafikiri juu ya bibi na kijembe chake. Hapakuwa na mtu wa kumwomba.

Na Australia yupo mchoraji John Wolseley. Yeye kwa miaka mingi amekuwa akiingia katika vichaka vilivyoungua na karatasi kubwa, akaziburura juu ya matawi yaliyogeuka makaa, matawi yakaacha alama zao wenyewe juu ya karatasi. Siku ile niliyokwenda na bibi nilijaribu, na ukurasa mmoja tu wa daftari, nikaupitisha juu ya vijiti vya mlapaa vilivyosimama vyeusi. Ilitoka mistari myembamba iliyokatikakatika, kama mwandiko wa mtu anayetetemeka. Hakuna mkono wangu mle. Ukurasa ule ndio bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na ni mdogo kuliko kiganja cha mtu mzima. Ningekuwa na karatasi ya mita mbili, na ruhusa, na siku tatu tu kabla ya mvua!

Tena Januari 2025 moto wa nyika ukaingia mitaa ya Los Angeles, ukateketeza nyumba na majengo zaidi ya 16,000. Mtaa wa Altadena ulikuwa na wasanii wengi waliofanyia kazi majumbani mwao, kwa hiyo nyumba ilipoungua iliondoka na kazi ya umri mzima. Upande wa pili, Pacific Palisades, iliungua hazina ya nota za mtunzi wa muziki Arnold Schoenberg, kiasi cha vipande 100,000. Kule Altadena, mchongaji Kelly Akashi alipoteza nyumba na karakana yake, na mwezi uliofuata tu akafungua maonyesho yenye kazi alizozifanya baada ya moto. Na kabla wiki mbili hazijatimia, taasisi za sanaa zikiongozwa na Getty, taasisi kubwa ya sanaa ya mji ule, zilishatangaza mfuko wa dola milioni 12 wa kuwasaidia wasanii walioathirika.

Sikuombeni dola milioni 12. Zitazameni zile wiki mbili. Kwetu wiki mbili hazikutosha kujua fomu ni ya nani.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikuandika barua hii kusifu watu wa mbali.

Kazi kubwa ya sanaa iliyotokana na moto wa mwaka jana haikufanywa na mimi. Ilifanywa na bibi. Alikuwa na ukindu mweusi uliobaki tangu msimu wa nyuma, fungu moja limefungwa kwa kamba juu ya dari. Baada ya moto alianza mkeka. Akasuka mashupatu, zile kanda ndefu zinazoshonwa pamoja zikawa mkeka, kwa mistari yake ya siku zote, mweusi, mwekundu, mweupe, shupatu la kwanza mpaka la tisa. Katika la kumi mweusi ukamwishia, katikati ya shupatu, bila ya kufika mwisho. Shangazi akamwambia rangi ya paketi ipo dukani, ataituma. Bibi akakataa. Akaendelea kusuka, na pale mstari mweusi ulipotakiwa kupita akauacha ukindu mtupu wa rangi yake. Mashupatu mawili ya mwisho hayana mweusi kabisa. Akayashona kwa mpangilio ule ule, kwa hiyo ukiutandika mkeka unaona mistari inakuja, inakuja, kisha inakatika kama njia iliyofika ukingoni. Wageni humwuliza kama amekosea. Jibu lake ni moja: "Mimi sikukosea. Mweusi umeishia hapo. Nenda kauulize moto."

Nimesimama mbele ya michoro mingi, na hakuna ulionifanya nikae kimya kama mkeka ule. Lakini waliokuja kijijini kuandika hasara waliandika mihogo, wakaandika migomba, wakaandika mizinga ya nyuki. Walipofika kwa bibi wakamwuliza alipoteza nini, akasema mdaa na ukindu. Yule kijana aliyekuwa akiandika akasita, kisha akasema kwa adabu kwamba vile ni vya porini, havina mwenyewe, haviandikiki. Sikumlaumu, karatasi yake haikuwa na safu ya kitu hicho. Karatasi hiyo mnaweza kuibadilisha nyinyi. Mkindu na mdaa ni karakana ya wanawake wa vijiji vile, kama ilivyokuwa karakana ile ya Altadena. Kwamba haina paa hakuifanyi isiwe karakana.

Moto ule haukuwa na mkosaji wa kutiwa pingu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwenye konde juu ya maweni anafyeka na kuunguza kabla ya masika kwa sababu jivu ndilo mbolea yake, pengine hana nyingine. Mrina asali anapanda na mwenge. Mchoma makaa ana watoto. Upepo wa kaskazi ukigeuka ghafla, yeyote kati yao anaweza kuamka na msiba. Kabla ya haya yote niliwahi kuombwa na afisi moja nichore bango la kuonya, lenye mkulima mwenye sura mbaya ameshika kiberiti. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Bango lile lingebandikwa kwenye ukuta wa skuli anayosoma mtoto wa mkulima huyo.

Zile kurasa zangu nne nilizitandaza kwenye baraza ya bibi, nikaziwekea mawe zisipeperuke. Watu walipita, wakasimama. Watoto walitafuta miti wanayoijua. Siku ya tatu akaja mtu mzima mmoja, akachuchumaa, akatazama muda mrefu bila ya kusema neno. Kisha akaweka kidole chake juu ya mchoro, akasema: "Hapa. Hapa ndipo upepo ulipogeuka. Ulikuwa unakwenda hivi," akakiburura kidole, "ukarudi hivi." Masizi yalifuata kidole chake, yakaacha mstari juu ya karatasi yangu. Alionyesha ulipoingia kwenye ufa na ulipotokea upande wa pili, umbali ambao hata vijana waliouzima hawakuujua. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Mtu huyo hakumwambia mwingine yeyote maneno yale, na sitakwambieni ni nani. Mstari wake bado upo kwenye mchoro. Watu wa zimamoto wakitaka kuuona ili waelewe moto unavyotembea chini ya mawe, mlango wangu uko wazi. Ndilo jibu langu kwa anayeuliza mchoro wa jivu unamsaidia nani.

Nikubali pia kosa letu sisi wasanii. Pita Mji Mkongwe, maduka yamejaa picha: milango ya nakshi, majahazi, machweo, twiga ambao hapa hawapo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, ilipoporomoka Disemba 25, 2020, angalau sura yake ilikuwa imeshachorwa mara elfu, na hata aliyezaliwa jana ataijua ilivyokuwa. Maweni nani ameyachora? Nani ameuchora mti wa mkwamba, au yule mnyama mdogo paa nunga akivuka njia alfajiri? Kikiungua kichaka kile, tunapoteza kitu ambacho hatukuwahi kukitazama. Nimefanya kazi miaka mingi na nilikuwa mmoja wa waliochora machweo, kwa sababu machweo yananunuliwa. Moto umenigeuza uso, na nataka kubaki nimegeuka.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Kima punju, ambaye asili yake dunia nzima ni Unguja hii tu, anakula makaa. Watafiti wameliandika, watu wa vijiji vya karibu na msitu wa Jozani wamelijua kabla yao. Anakwenda kwenye visiki vilivyoungua na mahali palipochomwa makaa, anaokota kipande, anakitafuna ametulia. Majani ya mkungu na mwembe anayoyapenda yana vitu vinavyomdhuru, na makaa humpunguzia. Nilimwona mmoja mwaka jana, ukingoni mwa eneo lililoungua, kaa mkononi, mdomo mweusi. Mimi nami nilikuwa na kaa mkononi. Tulitazamana kidogo, kisha akapanda mti. Yeye hakuhitaji kibali.

Sasa niseme kwa uwazi ninachotaka kifanyike, maana barua isiyosema hivyo haijibiki.

Afisi moja, yoyote mtakayokubaliana, ipewe kazi hii, na fomu moja iwe na neno "msanii" ndani yake. Bora zaidi, sheha apewe uwezo wa kuturuhusu kwa siku saba za mwanzo kwa kushauriana na watu wa misitu na zimamoto, halafu mambo mengine yafuate. Hatutaki kuingia kiholela. Ardhi ile baada ya moto ni hatari, unaweza kukanyaga jivu ukakuta chini yake kuna kaa hai na shimo la goti. Tupeni mtu wa kututangulia, tutamfuata nyuma, na pale atakaposema basi tutarudi.

Tunahitaji pia makaa kidogo na vipande vichache vya miti iliyoungua, na tunahitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba tumeruhusiwa. Mwaka jana nilisimamishwa njiani na mfuko wa plastiki wenye makaa yasiyotosha kuchemsha birika, nikahojiwa kama mfanyabiashara wa magendo. Kazi ya kulinda msitu naiheshimu, na aliyenisimamisha alifanya kazi yake. Lakini nilitetemeka. Yule fundi wa nakshi ana nia ya kuchonga kizingiti cha mlango kwa gogo lililoungua upande mmoja, upande wa pili nakshi, upande wa moto ukaachwa kama ulivyo. Anaogopa hata kulisogeza gogo hilo. Kule Victoria, Australia, baada ya moto wa Februari 7, 2009 uliowaua watu 173, wahunzi walifua mti mzima wa chuma na shaba wenye majani zaidi ya 3,000, na wahunzi wa nchi nyingine wakapeleka majani yao. Mafundi wetu hawashindwi na hilo. Wanaogopa kukamatwa.

Kazi zikishafanyika zionekane. Si hotelini. Watu wanaokwenda Jozani kuwatazama kima, wageni na wanafunzi wetu, wapite mbele yake. Hifadhi ile ni ya taifa tangu 2004, na UNESCO imeitambua mwaka 2016, kwa hiyo ukuta mmoja si mkubwa kuupata. Na kabla ya Jozani, zianze kijijini, skuli au barazani. Yule mwalimu mwenzetu aliwapa watoto karatasi wiki moja baada ya moto. Wengi walichora moto mwekundu. Mmoja alichora kuku wake saba, kila mmoja na jina lake, na moto hakuuchora popote. Michoro ile ipo kwenye bahasha ndani ya kabati la mwalimu. Watu wa Makunduchi kila Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi, hujenga kibanda cha makuti wakakitia moto mbele ya umma, na umma unakuja kutoka kila pembe ya kisiwa. Sisi ni watu tunaojua kukusanyika. Tukusanyeni na mbele ya moto ambao hatukuuwasha kwa ada.

Na zile karatasi za hasara zitieni safu ya ukindu, miyaa na mdaa. Hilo haligharimu kitu ila wino.

Mimi kwa upande wangu nimeshajitayarisha. Nimenunua karatasi ya roli, nimeikata vipande vya mita mbili, ipo kwa bibi chini ya kitanda, imeviringishwa ndani ya ule mkeka. Mpiga picha yuko tayari, mwalimu ameomba ruhusa kwa mkuu wake. Nakala ya barua hii nimempelekea sheha jana usiku. Aliisoma yote kwa miwani yake, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema: "Mimi nangoja neno lao." Nami nangoja lake.

Wenu katika kazi,

Mchoraji, mjukuu wa msusi wa mikeka
Kusini Unguja